Gari ya kulalia inayumba, inavuja upepo, inakula mipira: tafuta sababu kabla hujanunua

Gari yangu ni HiAce ya 2006. Huko Japani ilikuwa ya mizigo. Hapa Unguja nikaitia kitanda, kabati la mvule, tangi la maji na betri ya pili, ikawa gari ya kulalia. Mwaka wa kwanza niliibadilisha mipira mara mbili na rimu mara moja, na maradhi yake yakabaki vile vile. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikienda dukani na saizi ya mpira kichwani, wala sikuwahi kujiuliza gari ina kilo ngapi. Muuzaji akisikia 195 na 15, anakutolea 195 na 15. Kumbe zile namba mbili zinakwambia mpira utaingia kwenye rimu tu. Kama utaubeba mzigo wako, hilo limeandikwa pengine.

Haya nimemwandikia mwenye HiAce, Caravan, Alphard, Bongo, au hata yale mabasi ya zamani ya Volkswagen ambayo wageni huja nayo kutoka bara. Ikiwa una dalili fulani, nenda kwenye dalili yako. Lakini kwanza toa dakika kumi kwa kazi hii.

Isome gari, kisha usome mpira

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna kibandiko cha saizi ya mipira na upepo. Gari zetu nyingi ni za Japani, kwa hiyo maandishi ni ya kwao, lakini usitishike: 前 ni mbele, 後 ni nyuma, na namba zenye kPa ndizo za upepo. Kila kPa 100 ni psi 14.5, na psi ndicho kipimo cha mafundi wetu. Ukiona 300, basi ni psi 43 na nusu, na fundi wa mipira aliyezoea kumjazia kila mtu "thelathini" atakukodolea macho.

Kisha piga goti uandike kila kilichochapwa ubavuni mwa mpira. Kwa HiAce kama yangu mpira wa asili ni 195/80R15 107/105L LT. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 80 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, 15 ni inchi za rimu. Wengi huishia hapo. Sasa soma 107: ni namba ya mzigo, na maana yake mpira mmoja unabeba kilo 975. Ile 105 ya pili ni kwa gari yenye mipira miwili miwili nyuma, kama lori, haikuhusu. L ni mwendo, mwisho kilomita 120 kwa saa, na kwa barabara zetu inatosha na kubaki.

Halafu tafuta neno DOT. Mwisho wake kuna namba nne ndani ya kidude cha umbo la yai. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ikiwa namba ni tatu tu, mpira huo ni wa kabla ya mwaka 2000, usiupande hata ukipewa bure.

Kisha ipime gari. Ukipata mizani ya malori, pita nayo ikiwa imejaa kama unavyosafiri: maji, gesi, watu na mabegi. Pima mbele peke yake na nyuma peke yake. Ukikosa mizani, jumlisha: uzito mtupu umo kwenye hati za gari, lita moja ya maji ni kilo moja, betri kubwa ya asidi ni karibu kilo 30, watu wazima watano ni kilo 350 kama hawajala pilau. Kabati la mvule usilisahau, mimi nililisahau.

Gari inayumba, inaelea, hasa ukipishana na lori au ukikata kona

Hii ndiyo dalili iliyonisumbua zaidi, na ndiyo yenye sababu nyingi.

Anza na upepo. Upime asubuhi kabla jua halijaipiga mipira na kabla hujaendesha. Upepo hupanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, kwa hiyo ukipima saa saba mchana baada ya kutoka Makunduchi unadanganywa. Watu wengi wakikuta umepanda huupunguza. Kesho asubuhi gari inaamka na mpira mlegevu.

Upepo ukiwa sawa na gari bado inayumba, rudi kwenye ile namba ya mzigo. Tuseme nyuma gari yako ina kilo 1,500. Kila mpira unabeba 750. Mpira wenye namba 107 unabeba 975, una nafasi ya kilo 225. Mpira wa 98 unabeba 750 kamili, hauna nafasi hata ya tenga la nazi. Na mpira wa 91, ambao ni wa gari ndogo za kawaida, unabeba 615, kwa hiyo unazidishiwa kilo 135 kila upande. Wamarekani wana kanuni kwamba mpira wa gari ndogo ukitiwa kwenye gari ya mizigo, uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, hiyo 615 inashuka hadi 559. Mimi nilikuwa na 91. Niliuziwa na duka moja mjini, silitaji, na kwa haki ya Mungu muuzaji hakusema uongo: nilitaka 195 ya 15, akanipa 195/65R15. Ilikuwa mizuri, mipya, ikinukia mpira. Gari ikawa inatembea kama mtu aliyebeba gunia huku kavaa kandambili.

Mpira wa gari ya mizigo una ubavu mgumu. Utauona umeandikwa LT, au herufi C baada ya namba ya rimu kama 195R15C, au 8PR. Zamani hiyo 8 ilikuwa idadi ya tabaka za nyuzi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Ukiona saizi isiyo na namba ya katikati, kama 195R15, usidhani imekosewa: ni ya mtindo wa zamani, na ubavu wake ni kama asilimia 80.

Sababu ya tatu ni ya kwetu hasa. Gari zinapotoka Japani, nyingine hushuka bandarini zikiwa na mipira ya theluji, na mipira ya aina hiyo huja pia kwa makontena ya mitumba. Mtu anaiona ina meno marefu yaliyojaa, bei poa, anashangilia. Tazama ubavuni: kama pameandikwa STUDLESS, au pana picha ya mlima wenye nyota ya theluji ndani yake, iache. Ule mpira umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya kugandisha. Kwenye lami ya hapa saa nane mchana meno yake yanalegea, gari inaserereka kama imekanyaga bamia, na ndani ya miezi michache meno yote yamekwisha. Bonyeza jino kwa ukucha. La theluji linaingia kama mkate.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo utazame shokapu na bushi za nyuma. Usianze nazo. Mimi nilianza nazo, nikatoa hela.

Upepo unapungua usiku, na fundi anasema hakuna pancha

Kama mpira unapoteza psi mbili tatu kwa wiki, na kisiwa kimekuzunguka bahari, mtuhumiwa wa kwanza ni kutu ya rimu.

Kijana mmoja wa pancha pale Mwanakwerekwe alinionyesha. Alikwisha kuuzungusha mpira wote ndani ya beseni la maji, hakuna kitu.

"Ami, mpira huu mzima," akasema.

"Basi upepo anaula jini?"

Akacheka, akachota povu la sabuni kwa brashi ya rangi, akaupakaza ukingo wote, pale mpira unapokutana na chuma. Tukangoja. Kama dakika moja hivi hakikutokea kitu, halafu sehemu ya urefu wa kidole pakaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, taratibu, kama tui linapoanza kushika moto. Akaung'oa mpira. Ule ukingo wa ndani wa rimu, ambao mpira huukalia, ulikuwa na magamba ya kutu, ukipitisha kucha yanadondoka.

Dawa ni kusugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kuiacha ikauke hasa, kisha kurudisha mpira na kubadilisha valvu. Kutia tyubu ndani ya mpira usio wa tyubu, kama wanavyoshauri wengi, ni kuficha. Kutu inaendelea chini kwa chini, na magamba yale yale yanaisaga tyubu. Na kama ukingo umeshaliwa mpaka una mashimo, rimu hiyo imekwisha, iende kwa wauza chuma chakavu.

Rimu za sporti, za aluminiamu, nazo haziponi. Chumvi inaingia chini ya rangi na kufanya unga mweupe pale pale kwenye ukingo. Ukishapita kwenye maji ya bahari, au gari ikisafiri kwenye sitaha ya meli kwenda Mkoani ikarushiwa mawimbi, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na ndani ya rimu, siyo usoni tu. Wengi tunaosha uso.

Valvu isisahaulike: ikunje kwa kidole pembeni, ukiona mpira wake umepasuka shinani, ibadilishe. Kila mpira mpya, valvu mpya. Ni bei ya kikombe cha urojo.

Sukani inatetemeka ukifika 70 au 80, ukipunguza inatulia

Hapa kila mtu atakwambia balansi, yaani uzito wa gurudumu haukusawazishwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini ukishafanyiwa balansi mara mbili na bado inatetemeka, usilipe ya tatu. Vua rimu uitazame ilivyokaa kwenye habu, kile kitovu cha chuma inachofungwa juu yake.

Kwa mtetemo huu, rimu ina vipimo vitatu vinavyopaswa kulingana na gari. Cha kwanza ni idadi ya nati na duara lake. HiAce ya toleo la 2004 na kuendelea ni nati sita kwenye duara la milimita 139.7, kwenye nati sita unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mkabala nalo. Alphard za kabla ya 2023 na Bongo ni nati tano kwenye 114.3. Volkswagen ya zamani, ile T3 ya miaka ya 1980, ni nati tano kwenye 112. Mtego ni huo: 112 na 114.3 kwa macho ni kitu kimoja. Kwa nati tano pima umbali kati ya matundu mawili jirani, uzidishe kwa 1.7. Kwenye 114.3 umbali ni kama milimita 67, kwenye 112 ni kama 66. Milimita moja na kitu tu! Mwenye nguvu atazilazimisha nati zikaingia, stadi, zile boliti za kwenye habu, zinapinda kidogo, na siku moja zinakatika kama vijiti.

Cha pili ni tundu la katikati. HiAce ina milimita 106. Nissan Caravan nayo ni nati sita, 139.7 ile ile, lakini tundu lake ni 100. Rimu ya Caravan haipiti kwenye habu ya HiAce. Ya HiAce inapita kwenye Caravan lakini inacheza, na hapo ndipo mtetemo unapozaliwa, maana rimu imekaa pembeni kidogo ya kitovu. Vivyo hivyo Alphard ina 60, na rimu za Mazda au Mitsubishi zenye nati tano huwa na 67. Zinaingia vizuri, unafurahi, gari inatetemeka. Kuna pete za kujazia pengo hilo, za plastiki au aluminiamu. Zikiwa za kipimo sahihi zinafanya kazi yake.

Cha tatu ni mdomo wa nati. Rimu za chuma za Toyota hutumia nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za sporti za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Ukitia koni mahali pa washa bapa, nati inagusa ukingo wa tundu tu. Inaonekana imekaza. Haikukaza. Ukipata rimu za mtumba, dai na nati zake.

Nati za HiAce zina uzi wa 12 kwa 1.5, na hukazwa kwa kiasi cha Nm 100 hadi 115 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Volkswagen T3 ni 180, usichanganye. Kaza kwa kuvuka: moja, kisha ya mkabala wake, usizunguke duara. Ukishatia rimu mpya, nenda Nungwi urudi, kisha kaza tena. Sisemi utani, ni safari ya kilomita mia na ushei, na kiasi hicho kinatosha kwa rimu kukaa na nati kulegea.

Kuna na rimu iliyopinda. Inua gari kwa jeki, zungusha gurudumu, shikilia kijiti karibu na ukingo bila kuutikisa. Ukiona pengo linafunguka na kufunga, rimu imepinda. Ya chuma inanyooshwa. Ya aluminiamu iliyogongwa nyundo siiamini, wala siwashauri watu.

Mpira unagusa bodi, sukani nzito, au habu inaunguruma

Hii humpata aliyetia rimu za Prado kwenye HiAce kwa ajili ya urembo. Nati zinalingana, tundu la katikati linalingana, basi mtu anadhani kamaliza. Kimebaki kipimo kimoja, ofuseti: umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapogusa habu. Huandikwa ndani ya rimu kama ET35 au +35. HiAce inataka karibu na 35. Prado nyingi zina kama 30, siyo mbaya. Lakini rimu za Hilux za zamani zinazovuta kwa magurudumu manne zina namba ndogo zaidi, na za Land Cruiser za zamani nyingine ni sifuri. Ukitia sifuri mahali pa 35, gurudumu limetoka nje milimita 35. Beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu, sukani inavutwa na kila shimo, na matope yote ya masika yanaruka mlangoni.

Ukisikia mngurumo unaoongezeka na mwendo na unaobadilika ukikata kona, hiyo ni beringi. Ibadilishe, lakini usiibadilishe ukaacha rimu ile ile.

Tazama pia nyuma ya rimu alama ya Kijapani: JWL peke yake ni rimu ya gari ndogo ya abiria, JWL-T ni rimu iliyopimwa kwa gari za mizigo na mabasi. Gari yenye kitanda na tangi la maji inataka hiyo ya T. Hakuna maana ya kununua mpira wa kilo 975 ukaupandisha kwenye rimu isiyobeba hata 700. Na spesa, zile sahani za kusogeza gurudumu nje, mimi nilizitoa na sitazirudia.

Mpira unaliwa vibaya

Katikati pekee: upepo mwingi. Mabega yote mawili: upepo kidogo, au mzigo umezidi uwezo wa mpira. Visahani visahani kama umechotwa kwa kijiko: shokapu zimekufa, au balansi. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani kisha urudi. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine ukikukwaruza kama mgongo wa papa, magurudumu hayakuelekezwa sawa.

Ukingo wa ndani wa mipira ya mbele ndio ugonjwa wa HiAce zilizofanywa nyumba. Mbele zina springi za fimbo za kujipinda, na fimbo hizo huchoka. Gari inalala chini mbele, magurudumu yanaelemea ndani juu, mpira unaliwa upande usioonekana. Unakuja kugundua waya zimetoka na kwa nje mpira bado una meno mazuri. Kwa hiyo kata sukani mpaka mwisho uchungulie ndani, kila mwezi. Na ukienda kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, nenda na mzigo wako: tangi limejaa, kitanda kipo. Fundi atalalamika. Mwambie gari hii hata siku moja haitembei tupu, basi apime kama inavyotembea.

Ukiwa na hela ya mipira miwili tu, ipande nyuma, ingawa kila mtu atakwambia mbele. Mbele ikiteleza unaihisi kwenye sukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, gari imeshageuka kabla hujasema bismillahi.

Gari inavuta upande mmoja

Sawazisha upepo kwanza. Halafu badilishana mipira ya mbele, wa kulia kushoto. Ikianza kuvuta upande wa pili, mpira ndio mkosa. Ikiendelea upande ule ule, ni alaimenti, au breki inayoshika; gusa rimu baada ya safari, yenye moto kuliko mwenzake imejisema.

Ubavu umevimba au umekatika

Mwenye kukaa maweni anajua. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja ardhi ni jiwe la matumbawe, na njia za kushukia pwani Jambiani, Matemwe na Michamvi zina ncha zilizosimama kama visu vya kuparia samaki. Zamani nilipita na gari hii njia ya Uzi kutoka Unguja Ukuu, ile ya mikokoni iliyokuwa ikifunikwa na maji bahari ikijaa. Nilikuwa nikiwahi maji, nikakanyaga kwa haraka, jiwe likaparamia ubavu. Mpira haukutoboka. Siku ya tatu ulitoa nundu ya ukubwa wa limau.

Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na kinachoshikilia upepo ni ngozi tu. Hakuna kiraka. Pancha huzibwa kwenye uso wa mpira, sehemu inayokanyaga. Ubavuni hapazibwi, na fundi anayekwambia atakushonea anakushonea sanda. Kwenye maweni endesha kwa mwendo wa kutembea na usipunguze upepo, kwa sababu mpira mlegevu hutanua ubavu wake kwenda kwenye jiwe. Kwenye mchanga ni kinyume: shusha hadi psi 20 hivi, toka, kisha jaza kabla ya kurudi lami. Basi nunua na pampu ya kuchomeka kwenye betri.

Nyufa ndogo ndogo ubavuni, kama za udongo wa shamba uliokauka, ni uzee. Baada ya miaka mitano ikague kila mwaka, ikifika kumi iondoe hata kama meno yamesimama. Gari ya kulalia hukaa muda mrefu juani bila kutembea, kwa hiyo mipira yake huzeeka kabla ya kwisha. Kipara kwenye dala dala, nyufa kwenye gari ya kulalia.

Spidimita inadanganya

Ulibadilisha kimo cha mpira. 195/80R15 ina kimo cha milimita 693. Ile 195/65R15 niliyouziwa ina kama 635. Spidimita ikisoma 60, ukweli ni 55, na kilomita za gari zinahesabika za uongo. Ukitaka mpira mpana zaidi bila kuharibu kimo, 225/70R15 ni kama 696, lakini lazima iwe ya mizigo, na kata sukani huku na huku uone kama haigusi kabla hujalipa.

Spea

Niliisahau mpaka Pemba. Tulitoka Chake, tukapita Konde, tukaingia msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi, udongo mwekundu umelowa. Mpira wa nyuma ukaisha upepo katikati ya miti. Spea ya HiAce inaning'inia chini ya gari kwa mnyororo, unaushusha kwa kuzungusha mpini wa jeki kupitia tundu la nyuma. Nilizungusha, mnyororo haukusogea: kutu ya miaka imeufanya fimbo. Tuliupiga kwa jiwe na mafuta ya kupikia kwa saa nzima, mbu wanatufaidi. Ulipoanguka nikasoma DOT kwa tochi. 0906. Mpira ulitoka kiwandani pamoja na gari, haujawahi kukanyaga ardhi, na nyufa zake zinaingia kucha.

Tuliupanda hivyo hivyo, tukarudi Konde kwa mwendo wa punda. Sasa kila baada ya miezi mitatu naushusha ule mnyororo mpaka chini, nasugua, natia grisi, napima upepo wa spea na kuuzidisha psi tano juu ya ile ya kibandiko, kisha naurudisha.